Karatasi ya Mikorosho ya Mama

S.L.P. 214,
Malindi.
5 Oktoba, 1986

Mpendwa ndugu yangu Gona,

Pokea salamu tele za dada yako Kabibi. Baridi ya Nakuru inakutendeaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua kila atokapo Jilore kuja mjini, na kuambiwa apumzike hataki.

Vuli bado haijaanza. Mikorosho imechanua vizuri mno, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Uliandika kwamba Mama atie kidole upesi katika karatasi ya Mwaura, yule mnunuzi wa korosho, asije akabadili nia. Ndugu yangu, haraka haraka haina baraka. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa na karani mmoja wa mjini, nami na darasa langu la saba niliisoma nikatoka mtupu kama nilivyoingia. Nikasema twende kwanza kwa wakili. Mama akanuna, eti namtilia kitumbua chake mchanga.

Wakili mwenyewe ni binti wa Kikisii, Nyaboke, aliyefungua ofisi karibu na posta. Ana desturi yake: hakupi wino mpaka umweleze kwa maneno yako mwenyewe unatoa nini na unabaki na nini. Mama akaeleza kama Mgiriama yeyote angeeleza, kwamba Mwaura anakodi mikorosho avune misimu mitano, na udongo unabaki wetu, na mihogo yetu chini ya miti. Nyaboke akamwambia polepole, "Mama, hapa haikuandikwa mikorosho. Limeandikwa shamba lote, nawe usikanyage humo bila ruhusa yake."

Mama akauliza kama hata kaburi la Baba angeliombea ruhusa. Gona, nililia mbele za watu, wala sioni haya kukuambia.

Nilikwenda dukani kwa Mwaura nimekaza kibwebwe, tayari kwa ugomvi. Kumbe naye maskini akashangaa. "Dada, kwetu Nyeri ukikodi shamba, miti imo. Miti peke yake inakodiwaje?" Nikamweleza kwamba huku Pwani mnazi au mkorosho waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Kile Kiingereza cha karani hata yeye hakukielewa. Alichotaka ni korosho tu. Akafunga duka tukaenda pamoja.

Nyaboke akaiandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja basi. Mwaura atavuna korosho. Kahonzi, ndiye Mama, atalima chini ya miti. Hakuna atakayekata mti bila mwenziwe kukubali. Kaburi halimo katika makubaliano haya. Nilimwuliza kama korti itaiheshimu karatasi nyepesi namna hiyo. Akacheka, akasema korti haidai maneno magumu.

Mama akataka asomewe tena, na tena, hata Mwaura akaanza kusinzia kitini. Aliporidhika akaieleza yote mwenyewe bila kukosea, ndipo akatia kidole. Nina furaha, ndugu yangu, na shamba ni letu.

Lakini alipokuwa akijifuta wino alisema neno ambalo sijalala nalo vizuri. "Tangu baba yenu afariki nimetia kidole karatasi nyingi. Hii ndiyo ya kwanza ninayojua inasema nini."

Kesho tunampelekea Nyaboke zote zilizomo sandukuni. Zile ulizomtilisha kidole wewe, ukaondoka nazo, zilete Krismasi asomewe. Sikushuku, Gona. Nataka Mama ajue.

Nisalimie wifi yangu Mumbua, na Kaingu na Kadii wadogo; waambie bibi yao anawawekea korosho. Shangazi Easter naye anakusalimu. Mungu awafunike kwa rehema zake, awalete salama nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokuteta,

Kabibi