Amelala Kilimani

Nashville, 4 Machi

Mama mpenzi,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila furaha inanikosesha usingizi. Nyimbo tisa za albamu tumesharekodi, bado mmoja tu: ule niliouimba baa watu wakasahau bia zao. Kampuni ya muziki imeshaupeleka redioni kama ulivyorekodiwa pale baa, tutaurudia vizuri studio. Jumamosi saa nne asubuhi washa redio ya jikoni! Ila usije ukaunguza mikate.
Mwanao,
Adalee

Piney Fork, Kentucky, 10 Machi

Adalee mwanangu,
Salamu sana. Goti achana nalo. Nimekusikia. “Mama amelala kilimani, hakuwahi kunisikia.” Sufuria limeniponyoka.

Nani kakwambia? Kanisa zima tuliapa kunyamaza, miaka ishirini na minne! Ndiyo, ni kweli. Mama mdogo Opal, ambaye kila Jumapili ya kusafisha makaburi mwezi Mei nakuachia wewe peke yako ulifyeke kaburi lake kule kilimani na kuliwekea maua, ndiye aliyekuzaa. Hakuwa na mume. Alikufa ukiwa na siku kumi na moja. Kila mwaka nilisema mwakani nitakwambia.

Lakini kunianika redioni, mwanangu? Ulishindwa kuniuliza? Wewe mwenyewe husema wimbo wa kantri hausemi uongo.
Mama

Nashville, 14 Machi

Mama,
Salamu zimenipotea. Simu huko bondeni haishiki, nimejaribu mpaka nimechoka.

Haki ya Mungu sikujua! Huku wimbo tunautunga watatu chumbani, saa nne hadi saa saba, kama kazi ya ofisini. Mwenzangu mmoja alitaka kwenye wimbo afe mbwa. Nikasema mbwa wamezidi, afe mama. Tukacheka, Mama. Tulicheka!

Jana studio, kila nikifika “kilimani” sauti inakatika. Mara saba. Prodyuza kasema bila wimbo huo hakuna albamu, mwisho tarehe 30. Nimwimbie nani sasa? Na kanisa zima walijua, mimi tu ndiye mjinga?
Adalee

Piney Fork, 26 Machi

Adalee,
Natumaini u mzima. Barua nne nimezianza nikazitia motoni. Safari hii chini uliandika jina tu, “mwanao” hukuandika. Niliona hilo kabla sijasoma ya juu. Sikulaumu. Nilikugombeza kwa kitu usichokijua, nisamehe.

Ila wimbo wako una uongo. Opal alikusikia. Ulilia siku zote kumi na moja, usiku na mchana, hakuna aliyelala nyumba hii. Yeye kitandani, hata kuinuka hawezi, anacheka: “Verna, huyu ataimba. Msimnyamazishe.” Unadhani lile gitaa la kwanza nilikununulia kwa nini, na mimi muziki siujui?

Rekebisha mstari huo, halafu imba.
Verna

Nashville, 30 Machi

Mama,
Shikamoo. Goti je? Mstari nimeubadilisha: “alinisikia siku kumi na moja.” Nimeuimba mara moja tu, prodyuza hakutaka nirudie. Albamu ipo.

Mei nakuja. Safari hii kaburi tutalifyeka wote wawili, utanionyesha alivyocheka.
Mwanao,
Adalee