Hafidha Kampiga Mzee Mwinyijuma Mkono

Adila, Hafidha wetu kampiga bosi wake mkono! Mzee Mwinyijuma! Nimeona kwa macho yangu.

Leo walikuwa wanabadilisha swichi mbili zinazounganisha mashine tatu zinazotunza mafaili ya wagonjwa hapa hospitali, kuanzia wa Msata hadi wa Ubena. Inatolewa moja, nyingine inabaki kazini. Zikikatika zote, mafaili yanaharibika.

Hafidha kafunga mpya ya kwanza, taa zikawaka kijani. Mzee akashika waya wa ile kuukuu iliyobaki: "Tumalize, swala ya Ijumaa itatupita."

Pah! "Usiguse!"

Mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi! Kaniambia mkono ulikwenda kabla hajafikiri.

Machozi yanamlengalenga, Hafidha akamwonyesha kwenye skrini: hakuna mashine hata moja iliyoiona swichi mpya. Kumbe mipangilio yake haikuhifadhiwa.

Akaiweka upya, akazihesabu mashine zikiungana nayo. Moja. Mbili. Ya tatu ikachelewa. Ikaungana. Ndipo akachomoa kuukuu. Halikupotea faili hata moja.

Mzee muda wote kasimama mikono nyuma. Mwisho kauliza taratibu, "Sasa naruhusiwa kugusa, mwanangu?"

"Bado, baba. Kwanza nisamehe."