Koki ya Nne

Kambi ya jeshi, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Shamsia,

Habari za Kerege? Kifua cha Mama? Mimi mzima, alhamdulillahi. Mtambo wetu mpya wa kusafisha maji umefika juu ya lori. Mkubwa kakata utepe, tukala keki. Mkufunzi hakuja; mafunzo waliyafuta kwenye mkataba, eti yanachelewesha. Tumeachiwa kitabu cha Kiingereza. Nakutumia kopi, pamoja na picha yangu nimesimama mbele ya mtambo. Wewe msomi, tuandikie Kiswahili. Usione haya bwana.

Kaka yako,
Feisal

Kerege, 24 Machi

Kaka, shikamoo.

Hatujambo. Mama anakohoa asubuhi tu, anauliza huko mnafuturu nini. Daftari la Kiswahili hilo, kurasa arobaini. Ukurasa wa kufungua mtungi wa presha wa mtambo niliurudia mara tatu. Picha nimeibandika ukutani.

Mdogo wako,
Shamsia

Kambini, 30 Aprili

Shamsia,

Marahaba. Mama hajambo? Usishangae mwandiko, anaandika rafiki yangu Kombo. Tulifungua mtungi kama ulivyoandika, mfuniko ukaruka. Vidole viwili vya mkono wa kulia sina tena. Mama mwambie nimejikwaa. (Kombo hapa: kaka yako anaogopa sindano kuliko mtoto!) Mitambo miwili mingine inakuja, na mkufunzi hayumo tena. Wakubwa wanataka kulichapa daftari lako liwe ndiyo mafunzo. Jina lako litakuwemo.

Kaka yako,
Feisal

Kerege, 9 Mei

Kaka, shikamoo, na pole. Kukuuliza hali naona aibu.

Kwenye kitabu, mtungi una koki tatu. Kwenye picha yako, nyuma ya bega, zipo nne. Niliziona siku ile ile. Nikasema, Shamsia, kidato cha tatu wewe, uwasahihishe askari? Nikanyamaza. Kitabu ni cha mtambo mwingine, kaka. Ya nne sijui kazi yake, na wao hawajui.

Najichukia. Na ile keki! Wamekula, wamepiga makofi, hakuna aliyemuuliza atakayeufungua! Na sasa wanataka kuchapa uozo wangu wawape wengine.

Lisichapwe. Nimemwandikia mkuu wako: mkufunzi alipiwe pamoja na mtambo, aje kwanza, ndipo wasaini. Picha yako nimeiambatisha, koki ya nne nimeizungushia wino mwekundu. Jina langu nimeliandika lote.

Mama nimemwambia kweli. Hakulia. Alijifunga kanga kiunoni akasema, "Nipe hiyo barua." Kwa hiyo aliyekukabidhi hii ni yeye, na ya mkuu anayo. Mwonyeshe mlango wa mkuu.

Mdogo wako,
Shamsia