Chapa ya Mzee Marwa kwenye Gemu Letu

Mpendwa mdogo wangu Chacha,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Arusha? Kile kifua kimepona, au baridi bado inakukoholesha? Sisi wazima kwa neema ya Mungu, ila moyo wangu haujatulia.

Unakumbuka tulivyoanza hapa Nyamisangura, kwenye chumba mama alichokuwa anawekea mahindi? Kompyuta moja, nawe unaipangusa kama mtoto mchanga. Kampuni ya gemu, Tarime! Watu wakasema tumefungua kamari. Mchungaji wa kanisa akaja kukemea, ukamkalisha kwenye kompyuta alinde ng'ombe wa gemu wasiibwe. Wakaibwa wote. Akavuta kiti, akasema anajaribu mara moja tu, na kwaya ikaanza mazoezi bila yeye.

Nilijivuna, mdogo wangu. Mwaka huu vijana wa ofisi wamelitia gemu lako kwenye simu, likafika kwa wachimbaji Nyangoto, likafika Kenyamonta.

Sasa, lile boma la wezi ndani ya gemu ulilijaza ng'ombe wenye chapa ya mzee Marwa wa ng'ambo ya mto. Najua hukukusudia. Ulichora uliyoizoea utotoni, tuliponywesha ng'ombe mtoni pamoja na watu wa kwake. Lakini mzee Marwa ndiye baba wa kijana anayemwoa binti yangu Robi, na ameiona kwenye simu ya mjukuu wake.

Alikuja. Nikampa shikamoo, hakuitikia.

"Chapa hii ni ya baba yangu," akasema. "Mmemfanya mwizi mbele ya vitukuu vyake."

Nilimwambia itafutwa, na vijana waliifuta siku ileile. Akatikisa kichwa. Akaniuliza ng'ombe wa mahari wana chapa hiyohiyo, je, nitawapokeaje uani kwangu? Anataka aliyeichora aje mwenyewe, akae na wazee, aseme. Mpaka hapo, hakuna ng'ombe, hakuna harusi.

Robi hasemi nami. Anapika, anaosha vyombo, anaingia ndani. Nimefunga, nimeomba, na jibu ninalopata ni wewe.

Nilipokudokezea habari ya chapa, uliniandikia, "Dada, hilo ni gemu tu." Huko uliko, sawa. Hapa chapa ni jina la mtu. Mimi mwanamke siketi kwenye kikao kile, na vijana wanasema mwanzilishi ni wewe. Huyu Robi ndiye aliyekuwa anakuletea uji ukichora, unapoa, anarudi kuupasha.

Tafadhali nijibu mapema, uniambie unakuja lini.

Dada yako akupendaye,
Mama Robi