Boma Letu Ndani ya Mchezo wa Vita

Jumanne, Machi. Morogoro kuna manyunyu tangu asubuhi, na huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu niondoke kijijini kwetu Matongo.

Mifupa ya mama haijapatikana.

Mashimo ya wachimbaji wadogo yamefika nyuma ya boma letu, na ukoo umeamua kuhamishia mifupa ya wazee wetu kijiji cha Nyansurura kabla ya Jumamosi. Kaburi la mama halikujengewa. Tuliliwekea mawe, na mawe ya pale yameshapondwa yote kutafuta dhahabu. Nyumba imeanguka, migomba imeng'olewa. Jumapili nilimwambia mdogo wangu Bhoke asihangaike, ramani ninayo.

Imo ndani ya mchezo wa kompyuta, ule wa zamani wa vita vya sayari za mbali: unachimba fuwele za buluu, unajenga kambi, unaunda vifaru, na adui yako anafanya hivyo hivyo wakati huohuo. Miaka ile ya dhahabu nilikuwa nachapa barua za watu pale senta, na jioni nacheza na rafiki yangu Mwita, mwenye karasha ya kusaga mawe. Mchezo ulimruhusu mtu kuchora uwanja wake. Nikachora boma letu kwa kuhesabu hatua: zizi, kisima, choo, kaburi.

Jumapili niliufungua, nikampa Bhoke vipimo kutoka kisimani.

Leo amepiga simu.

"Shikamoo kaka. Tumechimba mara mbili. Udongo mtupu."

"Marahaba. Mlianzia kisimani?"

"Tulianzia kisimani, tukahesabu kama watoto wa darasa la kwanza. Wewe msomi, ulichora hata choo, mama ukamkosa?"

Nikafungua mchezo tena. Safari hii nilicheza upande wa Mwita, ambao sikuwahi kuucheza. Fuwele nane kwake, nane kwangu. Mti kwa mti, kilima kwa kilima, kama karatasi iliyokunjwa katikati.

Matongo haikuwa hivyo.

Ndipo nikakumbuka Mwita akilalamika: "Karani, umejipendelea! Madini yote kwako, mimi nile majani na ng'ombe?" Tukapanga upya kila kitu hadi pande zikalingana. Kaburi lilikuwa linaziba njia ya vifaru vyake. Nililisogeza mwenyewe, tukicheka, na ramani ya kwanza nikaifuta.

Nililisogeza kwenda wapi? Kiasi gani? Sikumbuki. Mwita alishafariki.

Bhoke nimemweleza yote. Nikasikia sururu zikigonga nyuma yake.

"Basi tutahamisha udongo," akasema. "Tutautia kwenye sanduku, na watu tutawaambia ni mama. Wewe ndiye mkubwa, kaka. Njoo umzike."

Nimejaribu kujiona nimesimama mbele ya sanduku hilo, nikipokea pole za watu. Sina uso huo.

Sitakwenda Nyansurura, wala sitarudi Matongo.