Ukuta Niliouharibu kwa Kuutengeneza

Jumapili, 3 Machi

Mgongo unauma, ila leo ni mapumziko. Nimeshinda kwenye kibanda cha Kinyozi, ninayelala naye chumba kimoja. Ana runinga juu ya kioo ili wateja wasichoke kungoja. Tumeona picha tatu, mbili za ng'ambo na moja iliyopigwa hapahapa jijini. Zote zimeanza juu! Kwanza jiji zima kama kunguru anavyoliona, mapaa na moshi, halafu kamera inashuka polepole mpaka kwenye dirisha la mtu mmoja. Kama vile inasema: katika hawa wote, namtaka huyu.

Nimemwonyesha Kinyozi. Akasema, "Saruji, wewe tazama watu wanavyopigana. Mapaa waachie popo." Saruji ndilo jina langu huku. Hata mwenye nyumba hajui lingine.

Jioni Mama Mapacha akapiga. Pacha wa kike akamnyang'anya simu. Kumbe nao wanatazama picha kwa jirani. Akauliza, "Baba, wewe unakaa upande upi wa jiji, wa vioo au wa majambazi?" Nikacheka mpaka nikakohoa. Nimetazama picha nyingi, sijaona hata moja yenye upande wangu. Miaka mitano nawaambia baba yenu anajenga jiji. Niliwaacha wana miaka saba. Hawajawahi kuona hata tofali.

Jumanne, 5 Machi

Ghorofa ya sita, zege tangu asubuhi. Mikono haina ngozi.

Siku mbili sasa nawaza ile picha ya hapa jijini. Jamaa anakimbizwa kutoka sokoni, anakata kona kwa muuza viatu, anatokea darajani. Pale kwa muuza viatu napajua. Ukikata kona unakutana na choo cha kulipia. Daraja liko upande wa pili wa jiji, nimewahi kwenda kwa miguu na mfuko wa saruji begani, saa nzima kasoro kidogo. Yeye kafika kabla sijameza chai.

Mwanzoni nikasema hawa waongo. Leo, napandisha ndoo, nikaona sivyo. Wamelikata jiji kama fundi cherehani anavyokata kitambaa, wakashona kipande cha huku na cha kule, na mshono hauonekani. Sisi tunajenga jiji kwa miaka. Wao wanalijenga upya kwa mkasi, na mtu anakaa akaliamini. Nimesimama na ndoo mpaka nyapara akaniuliza kama nimeoa hiyo ngazi.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekuja wenyewe! Wapiga picha. Nyuma ya jengo letu, ndani ya uzio wa kampuni, kuna kichochoro na nyumba moja tupu ya zamani. Itabomolewa mwezi ujao. Wamekodi hapo. Nyapara akaombwa mtu wa kumwaga maji, akanitoa mimi, nafikiri kwa sababu ya ile ngazi.

Mwongozaji wao ni mama wa makamo, suruali mifuko mingi, sauti ndogo. Wote wanamsikiliza. Akaniambia niloweshe kichochoro chote kwa mpira. Jua kali, hakuna wingu. Nikamuuliza, mama, tunaosha nini? Akasema lami kavu inakula mwanga, ikilowa inaurudisha. "Tazama mwenyewe, fundi."

Nikatazama. Kweli. Pale chini tunapokojoa sote kila siku, mbingu imelala barabarani.

Tena ameniita fundi. Mimi ni kibarua. Nabeba, nachanganya, napiga plasta fundi akiwa ameenda kula. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Wamepiga sehemu ya kwanza. Hadithi yenyewe: mwanamke aliondoka akiwa mtoto, anarudi baada ya miaka ishirini kwenye nyumba waliyoishi. Leo wamempiga kwa mbali tu, anaingia kichochoroni, anautazama mlango. Mara kumi na moja! Anaingia, anatazama, "Rudi." Miguu yangu ingegoma.

Mwongozaji akaniita nitazame kwenye kioo kidogo cha kamera yao. Sijui niandikeje. Kichochoro kimekuwa kirefu. Jengo letu, lenye sauti za nyundo kutwa nzima, limesimama nyuma kimya, refu, kama mtu mzima anayemwangalia mtoto. Yule mwanamke mdogo kabisa kati yake na ukuta. Mimi nimebeba kila ngazi ya jengo lile na sijawahi kuliona.

Alhamisi ijayo ndiyo siku yao ya mwisho, kibali kinaisha. Atapigwa karibu, amesimama penye ukuta kando ya mlango. Mwongozaji akaugusa ukuta ule. "Huu ndio uso wa picha yangu," akamwambia mpiga kamera.

Nikautazama. Plasta imebanduka, ufa toka dirishani mpaka chini, masizi, chumvi, kutu. Uso gani huo? Mama wa watu anatuheshimu, halafu uso wa kazi yake uko vile.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kwa Kinyozi. Mlinzi wa kampuni kanifungulia uzio. Nimebandua plasta yote mbovu, nimeziba ufa, nimepiga plasta mpya ya nusu mfuko uliobaki, nikasawazisha kwa ubao, nikamalizia kwa sponji. Peke yangu, kutwa nzima. Nimefanya kazi kwa mpangilio kama nilivyofundishwa, sijaruka kitu. Umenyooka kama karatasi!

Mlinzi alipouona akasema hata nyumba ya bosi haina ukuta kama huu. Sitamwambia mtu. Watauona wenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Walikuja saa nne kupima mwanga. Mwongozaji alikaa chini barabarani. Hakupiga kelele. Mpiga kamera alicheka, kisha akamwona mwenzake, akaacha.

Nusu ya tukio imeshapigwa, na ukuta mbovu. Nusu nyingine Alhamisi, na ukuta wangu mzuri. Mwanamke yuleyule, dakika ileile. Nimelielewa lote kabla hawajamaliza kunieleza. Mshono utaonekana.

Nyapara mbele ya watu wote: "Nani alikutuma? Umelala ukaota wewe ni mkandarasi?" Akasema ukuta usipokuwa sawa mpaka Alhamisi asubuhi, nisirudi kwake, na atawaambia manyapara wengine. Anawajua wote.

Mwongozaji akauliza kwa nini nilifanya. Nikasema, uliniita fundi. Kisha akanipa picha ya karatasi, ukuta ulivyokuwa. "Unaweza kuurudisha?"

Nikasema naweza. Sijawahi kumsikia mtu akiharibu ukuta kwa makusudi.

Jumanne, 12 Machi

Plasta ya siku mbili haijakomaa, nashukuru. Nimeibandua palepale karatasi inaposema. Ufa nimeuchora kwa msumari, kisha patasi. Ufa wa kuchora unaonekana wa kuchora. Ufa wa kweli hukimbia, hukwama kwenye jiwe, hubadili njia. Nikaanza tena.

Mwongozaji ameketi kwenye ndoo, ananitazama. Nilimwambia nilivyoona kwenye picha za Kinyozi, kwamba tajiri na mwongo siku zote wako nyuma ya kioo, juu, na maskini yuko chini penye ukuta uliobanduka. Na anayerudi nyumbani, nchi yoyote, lazima aguse ukuta. Sijaona anayegusa kioo.

"Kwa nini?" akaniuliza, kama anauliza mtu aliyesoma.

Nikafikiri huku nagonga. Nikasema kioo ukikigusa wanakuja kufuta. Ukuta ukiugusa unabaki na wewe.

Akaandika! Kwenye daftari lake. Mimi niliyeishia darasa la sita.

Jumatano, 13 Machi

Nimetengeneza uzee kutwa nzima. Masizi nimekwangua kwenye bomba la jiko la mama wa chakula. "Unayapeleka wapi?" Nikamwambia yanaenda kuigiza. Akasema basi na sufuria yangu iende. Maji ya majani ya chai kwa ule umanjano. Maji ya chumvi chini, yakikauka yanatoa ule weupe. Misumari iliyolowekwa toka Jumatatu kwa mkondo wa kutu. Tope la kurukia hadi magotini, mvua inaporuka. Na mafuta ya mgando, kidogo sana, kwa kitambaa, urefu wa bega, mahali ambapo wanaume huegemea wakipiga soga.

Nikashangaa najua yote haya. Miaka yote nalijenga jiji jipya, kumbe nilikuwa naangalia linavyozeeka.

Karatasi inaonyesha madoa. Haionyeshi watu. Lakini kila doa nililiweka nikijiuliza ni nani. Huyu aliegemea. Huyu alimwaga maji ya kufulia. Huyu alitundika kitu kwenye msumari miaka mingi. Mpaka jioni ukuta ulikuwa umejaa watu, na mimi ndiye niliyewaalika.

Halafu nimefanya jambo lisilo kwenye karatasi. Sijui nilikuwa na akili gani. Kando ya mlango, chini, nimekwaruza mistari miwili kwa msumari. Nyumbani, kwenye mwimo wa mlango wetu, kila mwaka ukianza niliwasimamisha mapacha nikaweka alama. Ya mwisho niliiweka wiki niliyoondoka. Ya kike ilipita ya kiume kwa upana wa kidole, wakagombana siku nzima. Urefu wa mistari ile naujua bila kupima, ya kike inanifika juu kidogo ya kitovu. Nimeiweka vilevile, na kile kidole kimoja.

Nimerudi chumbani. Kinyozi amenitazama uso wenye masizi akasema, "Leo umenyolewa na nani?"

Nyumba itabomolewa. Mistari itabaki kwenye picha, kama ukuta utakubaliwa. Kama hautakubaliwa, nimejifukuza kazi mwenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo, mpira wa maji miguuni. Nimeshalowesha. Jua linaingia kichochoroni kwa muda mfupi tu, kutoka jengo letu linapoliachia mpaka paa la ng'ambo linapolizuia. Mpiga kamera anasema dakika arobaini. Nyapara amesimama kwenye uzio, mikono kifuani.

Mwongozaji amepita na karatasi yake, polepole. Ufa, ameugusa. Kutu, ameinusa. Penye mafuta ya mabega akaegemea mwenyewe, akafumba macho kidogo. Nyapara akashusha mikono.

Kisha akafika mlangoni, akainama.

"Hii haikuwepo."

Mpiga kamera akaja, akatazama kwenye kioo chao picha ya Ijumaa. Akasema kwa mbali kule hata kama ingekuwepo isingeonekana. Mwongozaji akaniuliza mimi, ya nani. Nikamwambia. Mbele ya watu kumi na wanne, na nyapara.

Akakaa amechuchumaa vilevile, dole gumba juu ya mstari wa juu. Akasema mwanamke wake anarudi baada ya miaka ishirini, na hakuwa amejua atampa nini cha kutazama pale ukutani. Sasa anajua. Akamwita yule mwigizaji, akamwonyesha, yule dada naye akachuchumaa.

Halafu mwongozaji akanyanyuka. "Fundi, haiwezi kuishia hapa chini. Mtoto huendelea kukua. Weka na ya sasa."

Akanipa msumari.

Nikasogea ukutani. Nikainua mkono. Nikaushusha kidogo. Nikauinua tena. Wote wananitazama, wanadhani napima.

Nimekataa kubahatisha. Kila doa la ukuta huu nimelibuni, hili siwezi. Nikaomba dakika chache, nikapiga nyumbani. Mama Mapacha akapokea kwa wasiwasi, asubuhi hii kuna nini, umeumia? Nikamwambia hapana, wasimamishe watoto mlangoni, uwapime. "Baba Mapacha, umelewa?" Nikasema wapime kutoka mstari wangu wa mwisho kwenda juu, kwa vidole, unipigie. Nikasikia anawaita kwa majina, na mmoja akaitika kwa sauti nzito. Nikadhani ni mgeni.

Simu ikakatika.

Jua limeshafika kwenye dirisha. Linashuka kuja mlangoni. Lami inaanza kukauka, mpiga kamera amenionyesha kwa kidole, nimemwaga tena huku simu iko mdomoni, kwenye meno. Nyapara amekuja mpaka karibu. Nilidhani atanitukana. Ameshika mpira, anamwaga yeye.

Mwongozaji haniharakishi. Anatazama saa, anatazama ukuta.

Nimesimama tena pale kujaribu. Mwenye sauti ile atakuwa ananifika begani? Au tayari tunatazamana machoni? Msumari umepata joto mkononi. Dakika ishirini na mbili zimebaki. Simu haijalia.