Sauti Yenye Herufi Zangu

Jumapili

Kuna kitu hakiko sawa, na si masikio yangu. Leo mchana wote wa mashindano ya redio, yale ya kuona nani ataongea na watu wengi zaidi wa mbali, imekuwa hivyo: naita Japani, naita Brazili, wote wananijibu kitu kimoja, "Tuliongea asubuhi, uko kwa orodha yangu." Na kuongea na mtu mara ya pili hakuhesabiwi. Asubuhi nilikuwa kanisani! Redio ilikuwa imezimwa.

Mtu anatumia herufi zangu za hewani, zile nilipewa pamoja na leseni ya redio, za kunitambulisha mimi peke yangu.

Kwenye saa kumi na mbili nikamsikia mwenyewe. Anazitamka polepole, vile mimi huzitamka, hata anakohoa kidogo kabla ya kuanza. Mshale wa redio, ule wa kupima nguvu ya mawimbi, ukaenda hadi mwisho. Mtu wa mbali hasikiki hivyo.

Mama Brayo, mke wangu, akasimama mlangoni. "Si ulisema Kitengela yote ni wewe tu uko na hiyo kitu?"

Nilisema. Ndiyo maana nimekasirika, na ukweli ni kwamba naogopa.

Kisha redioni, nyuma ya sauti ya huyo mtu, nikasikia kengele za ng'ombe, nyingi, zikipita. Nikazima redio.

Kengele zikaendelea kulia, nje, hapa kwa geti letu.